Masomo ya Sekondari Mtandaoni na Sifa za Kucheza Michezo ya Vyuo Vikuu vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili, zile zilizohamia Marekani pamoja na zile zilizoko Kenya, Tanzania au Kongo, ambazo kijana wao anakimbia, anacheza soka au anacheza mpira wa kikapu kwa kiwango ambacho kocha wa chuo kikuu ameanza kumuulizia. Njia hiyo si ngeni kwetu. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Suleiman Nyambui alisomea Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso na akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Naye Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akacheza Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Siku hizi, hata hivyo, kijana mwenye miguu mizuri anaweza kukwama kabla hajafika uwanjani kwa sababu ya somo moja alilosoma mtandaoni ambalo halikuhesabiwa.

Ni nani anayeamua kama mwanangu anastahiki kucheza?

Kwa vyuo vingi vikubwa mwamuzi ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kupitia kituo chake cha kuhakiki sifa kilichoko Indianapolis. Kituo hicho husoma transkripti za sekondari, yaani rekodi rasmi za masomo na alama, na kutoa uamuzi kwa wachezaji wanaoingia vyuo vya Daraja la Kwanza na Daraja la Pili, ambazo ni ngazi mbili za juu kati ya tatu za mashindano ya NCAA. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo, na kila chuo hujiwekea masharti yake ya kimasomo. Ni vizuri pia kuelewa mapema kwamba kuhakikiwa na NCAA hakumpi mtu nafasi chuoni, kwa maana chuo kina idara yake ya udahili, nayo inaweza kumkataa mwanafunzi ambaye NCAA imempitisha.

Masomo 16 yanayotajwa kila mara ni yapi?

Ni masomo ya msingi, na neno "msingi" hapa lisikuchanganye na shule ya msingi: yote yanasomwa sekondari, kuanzia darasa la tisa. Kwa Daraja la Kwanza mwanafunzi anatakiwa awe na miaka minne ya Kiingereza, miaka mitatu ya hisabati kuanzia kiwango cha Aljebra ya Kwanza, miaka miwili ya sayansi asilia, ikiwemo mmoja wenye maabara ikiwa shule yake inaitoa, miaka miwili ya sayansi ya jamii, mwaka mmoja wa nyongeza katika Kiingereza, hisabati au sayansi, na miaka minne ya masomo mengine yaliyoidhinishwa, ambayo ni pamoja na lugha za kigeni, falsafa na dini linganishi. Daraja la Pili nalo linataka masomo 16 lakini mgawanyo wake ni mwepesi kidogo: Kiingereza miaka mitatu, hisabati miwili, sayansi miwili, nyongeza mitatu katika makundi hayo, sayansi ya jamii miwili, na minne ya mengineyo.

Somo la mwaka mzima huhesabiwa moja, na la muhula mmoja huhesabiwa nusu. Shule nyingine huitanua Aljebra ya Kwanza kwa miaka miwili ili wanafunzi wasiachwe nyuma, na mzazi akiona mistari miwili kwenye transkripti hudhani kijana ana masomo mawili. Ana moja.

Wastani wa alama unapigwaje?

Hapa ndipo wazazi wengi hushangaa, kwa sababu wastani ulioandikwa chini ya transkripti sio unaotumiwa. NCAA huchukua masomo ya msingi peke yake. Alama A hupewa pointi 4, B pointi 3, C pointi 2 na D pointi 1, wala haijali alama za kujumlisha na kutoa zinazoandikwa mbele ya herufi, kwa hiyo B ya juu na B ya chini ni sawa. Elimu ya viungo, kwaya, upishi na useremala havimo, hata kama ndivyo vilivyompandishia kijana wastani wa shule.

Kiwango cha chini ni 2.3 kwa Daraja la Kwanza na 2.2 kwa Daraja la Pili. Tuchukue kalamu. Kijana mwenye B tano na C kumi na moja ana pointi 15 na 22, jumla 37, na akigawanya kwa 16 anapata 2.31, hivyo amepita. Mwenzake mwenye B nne na C kumi na mbili ana pointi 36, yaani 2.25, ambazo zinamtosha kwa Daraja la Pili lakini kwa Daraja la Kwanza zimepungua. Tofauti kati yao ni somo moja lililopata C badala ya B, na mara nyingi ni somo la darasa la tisa ambalo hakuna aliyelijali wakati ule.

Je, masomo ya mtandaoni yanakubaliwa?

Yanakubaliwa, kwa masharti. NCAA huyaweka katika kundi moja na masomo mengine yanayofundishwa nje ya darasa la kawaida, kama vile ya kujisomea na ya mafunzo binafsi. Kwanza, lazima yafikie kiwango cha masomo yanayomwandaa mwanafunzi kwa chuo cha miaka minne, kama ilivyo kwa somo lolote la msingi. Baada ya hapo yanaangaliwa kwa jicho la pekee.

Sharti lenye uzito kuliko yote linahusu mwalimu. Mwalimu na mwanafunzi wanatakiwa wafikiane na wawasiliane mara kwa mara kwa muda wote wa somo, kwa ajili ya kufundisha, kusahihisha na kusaidia. Mawasiliano hayo yanaweza kuwa ya barua pepe, simu, mazungumzo ya mtandaoni au maoni yaliyoandikwa kwenye kazi ya mwanafunzi, ilimradi yawe ya watu wawili wanaojuana kupitia somo hilo. Programu inayomwonyesha kijana video, ikampa maswali ya kuchagua jibu, ikajisahihishia yenyewe na kumsogeza kwenye sura inayofuata haifikii sharti hili, hata iwe nzuri kiasi gani. Wapo wanaojibu kwamba mwalimu yupo, ila mwanafunzi wao hajawahi kuhitaji msaada. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwalimu anayesubiri aulizwe ndipo ajitokeze hahesabiki kuwa anafundisha.

Aidha somo lazima liwe na muda maalumu wa kukamilika, na shule ieleze mwanafunzi mwepesi hulimaliza kwa muda gani na mzito kwa muda gani. Mwanafunzi anatakiwa asome somo zima, maana yake haruhusiwi kufanya jaribio la mwanzo na kuruka sura anazozijua. Kazi zake ziwepo ili zikitakiwa zikaguliwe. Mwishowe alama iandikwe kwenye transkripti rasmi.

Shule ya mwanangu imelikubali somo la mtandaoni na kumpa krediti. Kwa nini NCAA ilikatae?

Kwa sababu ni maswali mawili tofauti. Shule na jimbo huuliza kama kijana ametimiza masharti ya kuhitimu sekondari. NCAA huuliza kama somo hilo, kutoka kwa shule iliyolifundisha, limo katika orodha yake.

Kila shule ya sekondari ya Marekani iliyosajiliwa ina namba yenye tarakimu sita na ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua katika tovuti ya NCAA bila kulipa wala kujisajili. Orodha imepangwa kwa makundi: Kiingereza, sayansi ya jamii, hisabati, sayansi asilia, na masomo ya ziada. Shule za mtandaoni nazo zina namba zao na orodha zao, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Mama mmoja aliniletea transkripti ya binti yake, mkimbiaji wa mita 800, ikiwa bado ndani ya bahasha ya shule. Tukaiweka mezani na kufungua orodha kwenye simu yake. Tuliteremka mstari kwa mstari, yeye akisoma jina kwenye karatasi nami nikilitafuta kwenye simu: Kiingereza cha darasa la tisa kipo, biolojia ipo, historia ya dunia ipo. Tukafika kwenye jiometri, aliyoisoma mtandaoni wakati wa likizo ya kiangazi na kupata B. Jina la jiometri lilikuwemo katika orodha ya shule ya mtaani kwake, na mama akashusha pumzi. Lakini jiometri hiyo ilikuwa ya darasani. Iliyo ya binti ilifundishwa na kampuni ambayo shule iliingia nayo mkataba, na tulipoitafuta kampuni yenyewe hatukukuta hata somo moja lililoidhinishwa. Krediti ilimfaa kwa kuhitimu, ila kwa mbio za chuo haikumsaidia kitu. Bahati yake alikuwa bado darasa la kumi na moja.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha uliza maswali matatu, na uyaulize kwa barua pepe ili majibu yabaki. Ni shule gani itakayofundisha somo hili, na namba yake ni ipi? Je, somo limo katika orodha ya NCAA kwa jina lilelile litakaloandikwa kwenye transkripti? Na je, shule hiyo itatuma transkripti yake yenyewe? Mshauri wa masomo akisema "usijali, sisi hulipokea siku zote", mshukuru, kisha angalia orodha. Washauri wengi wanahudumia mamia ya wanafunzi na wachache kati ya hao ni wanamichezo.

Kwa nini masharti ni makali hivi?

Kwa sababu ya njia za mkato. Kulikuwa na wakati ambapo mchezaji aliyefeli Kiingereza mwaka mzima angeweza kupata alama nzuri ya somo hilohilo kwa njia ya posta au kompyuta katika siku chache. NCAA ilibana mwaka 2010. Kuanzia Agosti mwaka huo masharti ya mawasiliano ya mwalimu na muda maalumu yakaanza kutumika, na masomo ya kujisomea ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, ambayo wachezaji wengi walikuwa wakiyatumia, yakaacha kukubaliwa. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba haitapokea tena masomo ya shule 24 za mtandaoni zilizokuwa zikitumia mitaala ya kampuni ya K12.

Katika shule hizo 24 walikuwemo bila shaka vijana waliosoma kwa bidii na uaminifu. Hilo ndilo linalouma, na ndiyo maana orodha ya mwaka juzi haimtoshi mtu. Iangalie mwaka ule ule ambao kijana anasoma.

Nimeambiwa habari ya "muhula wa saba". Ni kitu gani?

Ni mwanzo wa darasa la kumi na mbili, nao ndio mpaka unaowaangusha wengi wanaolenga Daraja la Kwanza. Katika masomo 16, kumi lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba kuanza, na saba kati ya hayo kumi yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Mwenye masomo kumi na moja lakini sita tu ya makundi hayo matatu hajatimiza. Daraja la Pili halina sharti hili.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba muhula wa saba ukishaanza, yale kumi hufungwa. Alama zake zitaingia katika wastani kama zilivyo, na kuyarudia ili kupandisha alama hakusaidii tena kwa Daraja la Kwanza. Kijana aliyepata D katika Aljebra ya Kwanza anaweza kuirudia akiwa darasa la kumi, la kumi na moja, au katika likizo inayofuata. Akingoja darasa la kumi na mbili amechelewa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo somo la mtandaoni lina thamani yake halisi. Likizo ya kiangazi kati ya darasa la kumi na moja na la kumi na mbili ni dirisha la mwisho, na shule nyingi za mitaani hazina masomo ya kutosha wakati huo. Kijana mwenye masomo tisa anaweza kulipata la kumi mtandaoni kati ya Juni na Agosti, ikiwa shule imeidhinishwa, mwalimu yupo, na somo linakamilika na alama kuandikwa kabla shule haijafunguliwa. Tarehe ya kumaliza ndiyo inayoangaliwa, kwa hiyo kuanza mwezi Agosti ni kucheza na moto.

Je, somo la kufidia krediti baada ya kufeli linahesabiwa?

Linaweza kuhesabiwa, ikiwa shule imefuata utaratibu ule ule inaoutumia kwa wanafunzi wote, wanamichezo na wasio wanamichezo, na ikiwa somo la kufidia linalingana na lile la awali kwa maudhui, urefu na ugumu. Likiwa la mtandaoni, masharti yote yaliyotajwa juu yanalihusu pia. Mengi ya masomo haya yametengenezwa ili mwanafunzi arudishe krediti haraka na ahitimu na wenzake, jambo ambalo ni jema kwa shule, ila kwa NCAA wiki mbili za kubofya haziwi mwaka mzima wa historia. Somo likirudiwa huhesabiwa mara moja tu, kwa alama iliyo juu zaidi.

Mwanangu ni mwepesi. Kuna ubaya gani akimaliza somo la mwaka kwa wiki tatu?

Huenda asiwe na kosa lolote, lakini atakuwa amejitafutia maswali. Kituo kina mamlaka ya kuchunguza transkripti isiyo ya kawaida na kuomba kazi zenyewe, kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo na mawasiliano na mwalimu, na wakati uchunguzi unaendelea msimu haumsubiri mtu. Mwambie kijana aendelee kwa mwendo ambao shule imeutaja. Atunze pia barua pepe za mwalimu, insha zilizosahihishwa na ratiba ya somo katika folda moja hadi atakapoanza chuo. Kumfanyia kijana mtihani, au kumlipa mtu amfanyie, ni udanganyifu wa kimasomo ambao adhabu yake huweza kumfuata hadi chuoni, na kaka mkubwa "anayesaidia kidogo" usiku wa mtihani yumo katika neno hilo.

Tulifika Marekani tukitoka kambini, na mtoto alishasoma sekondari. Saa yake inaanza lini?

Swali hili ndilo zito kuliko yote kwa familia zetu, na ndilo lisiloulizwa mapema. Kwa Daraja la Kwanza masomo ya msingi yanatakiwa yakamilike ndani ya miaka minne, yaani mihula minane, tangu mwanafunzi alipoanza mwaka wa tisa wa shule kwa mara ya kwanza, popote duniani. Shule ya Marekani ikimpokea kijana wa miaka 16 na kumweka darasa la tisa, haifuti miaka aliyokwisha kusoma Kakuma au Nyarugusu.

Hesabu ya mwaka wa tisa hutofautiana. Kenya ya mfumo wa 8-4-4 iliufikia katika Kidato cha Kwanza. Katika mtaala mpya Gredi ya 9 imo sekondari msingi, kwa hiyo ripoti za huko nazo ni za kutunzwa. Tanzania, yenye miaka saba ya shule ya msingi, mwaka wa tisa kwa kuhesabu vidole ni Kidato cha Pili. Kongo ni mwaka wa kwanza wa ile miaka minne ya humanités, yaani sekondari ya juu, inayoishia kwenye mtihani wa taifa. NCAA ina mwongozo wake wa elimu za nchi mbalimbali, nao ndio hutumika kuamua cheti kipi kinakubalika na alama zinabadilishwaje.

Watu wa Daraja la Pili wana nafuu, kwa sababu huko masomo yanaweza kukamilishwa wakati wowote kabla ya kuanza chuo kwa muda wote. Kwa kijana aliyechelewa kwa sababu ya vita na safari, mara nyingi hiyo ndiyo njia iliyo wazi, na masomo ya mtandaoni yaliyoidhinishwa yanamfaa sana.

Jambo la kufanya leo ni kuandika, kwa mwaka na kwa shule, kila darasa alilosoma tangu mwaka wa tisa, na kutafuta ripoti. Nyaraka za Kifaransa zitumwe pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, mstari kwa mstari. Usifiche mwaka aliosoma kwa kudhani utamsaidia, kwa maana ukigundulika baadaye, shida haitakuwa tena ya hesabu.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Kenya au Tanzania. Je, ninunue masomo ya sekondari ya Marekani mtandaoni?

Kabla ya yote, hapana. Elimu yako haihitaji kugeuzwa ya Kimarekani ndipo isomwe. Ripoti zako za shule na matokeo ya KCSE au ya NECTA ndiyo yatakayotathminiwa. Wapo mawakala wanaowauzia wakimbiaji wa kambi za mazoezi "diploma ya Marekani" kwa fedha ambazo familia imeuza ng'ombe kuzipata. Diploma hiyo inaweza kukosa kuwemo katika orodha, na masomo yaliyosomwa baada ya kuhitimu yanaweza yasihesabiwe. Anza kwa kumwomba kocha anayekutaka akuunganishe na ofisi ya chuo inayoshughulikia kanuni za NCAA, maana kila chuo kinayo. Ofisi hiyo itakwambia, kabla hujalipa hata shilingi, kama kuna somo unalopungukiwa.

Je, mtihani wa SAT au ACT bado unatakiwa?

NCAA iliuondoa Januari 2023 katika Daraja la Kwanza na la Pili. Vyuo vyenyewe vinaweza bado kuutaka kwa udahili au ufadhili.

Amehitimu na amebakiza somo moja. Imekwisha?

Haijakwisha. Kwa Daraja la Kwanza, mwanafunzi aliyehitimu kwa wakati, yaani ndani ya mihula ile minane, anaruhusiwa kuongeza somo moja la msingi katika mwaka unaofuata, na anaweza kulisoma katika shule nyingine, ikiwemo ya mtandaoni iliyoidhinishwa. Ni moja tu, au nusu mbili. Halitengenezi upungufu wa yale kumi ya kabla ya muhula wa saba. Aliyehitimu kwa kuchelewa hana nafasi hiyo.

Na asipofikia kiwango?

Kwa Daraja la Kwanza, mwenye masomo 16 na wastani kati ya 2.0 na 2.299, au aliyeshindwa na lile sharti la masomo kumi kabla ya muhula wa saba, anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi na timu katika muhula wa kwanza, bila kucheza mechi kwa mwaka mzima; akifaulu krediti zinazotakiwa muhula huo, anaendelea na mazoezi. Daraja la Pili lina utaratibu unaofanana kwa walio na angalau 2.0. Nje ya NCAA kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, yenye kituo chake cha uhakiki na ambayo haitumii hesabu ya masomo 16, na kuna vyuo vya miaka miwili vya NJCAA, vinavyompokea aliyehitimu sekondari au aliyepata cheti kinacholingana nayo. Vijana wengi walioanzia huko huhamia vyuo vikubwa baadaye, na sioni aibu yoyote katika njia hiyo, ingawa baba mmoja aliwahi kuniambia hakuvuka bahari ili mwanawe asome "chuo cha jirani".

Tujisajili lini, na nani anayetuma transkripti?

Darasa la tisa au la kumi ni wakati mwafaka wa kufungua ukurasa wa bure katika tovuti ya kituo cha uhakiki. Akaunti ya uhakiki kamili ina ada, na ya wanafunzi wa nje ya Marekani ni kubwa zaidi. Familia ya Marekani ambayo mtoto wake anapata chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu shuleni inaweza kusamehewa ada, kwa uthibitisho wa mshauri wa masomo, lakini kulipa kwanza na kuomba msamaha baadaye huleta usumbufu.

Kwa shule za Marekani, transkripti hutumwa na shule yenyewe, wala mzazi hawezi kuitoa bahashani na kuituma. Kila shule aliyosoma kijana hutuma yake: ya mtaani, ya jimbo mlilohama, na ile ya mtandaoni aliyosomea wiki nane tu. Ya kwanza hutumwa mwishoni mwa darasa la kumi na moja, na ya mwisho hutumwa baada ya kuhitimu ikiwa na tarehe ya kuhitimu. Ofisi nyingi za shule hufungwa au kubaki na mtu mmoja baada ya katikati ya Juni, nazo timu za soka na za mbio za nyika huanza mazoezi Agosti, kwa hiyo maombi ya transkripti ya mwisho yapelekwe Mei, wakati karani bado yupo mezani kwake.